Bi Nungunungu na Ukoko wa Chini ya Sufuria

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na sufuria.

Ina nini?

Ina wali.

Na chini ya wali?

Ukoko!

Aa, wewe uliyelamba midomo, nimekuona. Tulia, bado haujaiva.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakinunua chakula chao kama mimi na wewe, palikuwa na Bi Nungunungu. Alikuwa na kibanda cha wali na maharage kando ya gulio. Kibanda kidogo, benchi moja, faida ya kupimwa kwa kijiko. Lakini ndicho kilichomlisha yeye na wanawe, na kilisimama juu ya wafanyakazi wawili. Mpishi alikuwa Kima. Wali wa Kima, punje haishikani na mwenzake! Mhudumu alikuwa Bata. Hata gulio zima likiagiza kwa pamoja, Bata alimpa kila mmoja chake, tena kwa adabu.

Jioni, wateja wakishaondoka, Bi Nungunungu huivuta sufuria, akaipakata, akashika mwiko. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukoko wote wake. Umepiga rangi, una mafuta, unavunjika mdomoni. Mnaujua ninyi, msijifanye.

Basi siku moja, ng'ambo ya njia, Fisi akafungua hoteli. Hoteli ina viti vya kuegemea! Akasimama mlangoni akipaza sauti: "Kwa Fisi mshahara mara mbili! Mara mbili, jamani, mara mbili!"

Bi Nungunungu aliposikia, miiba ikamsimama. Aongeze mshahara? Atoe wapi? Akakitikisa kibubu chake, akakigeuza juu chini. Kikatoka kifungo cha shati.

Jioni ile Kima akamjia. "Mama, nina neno."

"Sema, mwanangu." Kwaru, kwaru, kwaru!

Kima akasema. Alisema vizuri tu, kwa heshima, mikono mbele. Lakini mtu akitafuna ukoko, jamani, masikioni mwake kuna mvua ya mawe. Bi Nungunungu aliona midomo ya Kima inacheza, akadhani ameelewa. "Huyu anataka ukubwa," akajiambia.

Kesho yake akatangaza: "Kuanzia leo, Kima ni Mkurugenzi wa Sufuria! Bata ni Balozi wa Mchuzi!"

Wakapigiana makofi. Saa ya kuwasha moto ikafika. Kima amekaa, mguu juu ya mguu.

"Kima, moto!"

"Mkurugenzi hapulizi moto, mama. Moshi utaniingia machoni."

"Bata, peleka sahani!"

"Balozi habebi sahani. Balozi hualikwa."

Wateja wakaondoka na njaa zao. Vyeo vikafutwa kabla ya alasiri.

Jioni Kima akaja tena. "Mama, lile neno langu."

"Sema, mwanangu, sema." Kwaru, kwaru, kwaru!

Midomo ikacheza. Bi Nungunungu akatikisa kichwa. "Kumbe anataka kupendwa!" Asubuhi akawakumbatia wote wawili, ingawa kukumbatiwa na nungunungu si jambo la kuombea mtu. "Hapa hakuna tajiri na mfanyakazi," akasema. "Hapa sisi ni ndugu!"

Siku iliyofuata Kima alikuja na shangazi, wajomba na mkwe mmoja mnene. Wakajaza benchi. Bata akaja na binamu zake, mstari mpaka mtaroni. Wakala, wakaongeza, wakafungiwa na ya njiani.

"Nani analipa?" akauliza Bi Nungunungu.

"Kulipa?" akashangaa yule mkwe. "Ndugu anamlipa nduguye?"

Na udugu nao ukafutwa.

Jioni ya tatu. "Mama, hii ni mara ya tatu."

"Sema tu, nakusikia!" Kwaru, kwaru, kwaru!

Kima akamtazama Bata. Bata akamtazama Kima. Wakavua aproni, wakavuka njia.

Bi Nungunungu akaingia jikoni mwenyewe. Loo! Wali chini umeungua, juu mbichi, katikati uji. Miiba ikamdondokea kwenye maharage. Ngiri alivuta mmoja kutoka kwenye sahani yake, akasema, "Siku hizi mnatoa na vijiti vya meno? Mmeendelea!" Wengine hawakucheka. Wiki ya pili walikuja wachache. Wiki ya tatu walikuja nzi.

Mwezi ulipokuwa unaisha, aliivuta sufuria kama kawaida yake. Ndani yake hamkuwa na ukoko, mlikuwa na mkaa mtupu. Akakaa nayo mapajani, mwiko mkononi, na kibanda kizima kimya. Ndipo akaikumbuka ile midomo iliyokuwa ikicheza. "Alikuwa akisema nini yule?" Aibu ikamshika. Akalia, tena kwa sauti.

Ng'ambo, Kima na Bata walikuwa wamesimama mbele ya Fisi. "Bwana Fisi, tumekuja kwa mshahara."

"Mshahara gani?"

"Si ulisema mara mbili?"

"Mara mbili, ndiyo! Masika mara moja, vuli mara moja. Hesabuni wenyewe, ni mara ngapi?" Fisi akacheka mpaka akajilaza chini.

"Ahadi ni deni, Bwana Fisi!"

"Nami nitalilipa. Mvua zikinyesha."

Wakatoka wamenuna. Mlangoni wakakutana na nani? Na Bi Nungunungu, macho mekundu.

"Wanangu," akasema, "sikuja na cheo, wala sikuja kuwaita ndugu. Fedha sina, nawaambia kweli. Nimekuja kuuliza. Kima, ulikuwa unasema nini?"

"Mama, nilikuwa nasema ukoko."

"Ukoko?"

"Kuni natafuta mimi. Moto napuliza mimi. Makaa juu ya mfuniko naweka mimi. Harufu yake nalala nayo, lakini kuonja, sijaonja hata siku moja! Mshahara wako ni mdogo, tunajua, kibubu chako hata sisi tumekitikisa. Ila hicho kidogo kilichopo tule pamoja. Mkono mtupu haulambwi, mama."

"Mimi napenda ule wa pembeni," akadakia Bata.

Bi Nungunungu akameza mate. Angeombwa dhahabu asiyokuwa nayo, isingemuuma hivi. "Wote?" akauliza.

"Kwa zamu. Leo mimi, kesho Bata, kesho kutwa wewe."

"Na faida ikiongezeka?" akauliza Bata.

"Kibubu tutakitikisa pamoja," akasema Bi Nungunungu. Wakavuka njia wote watatu. Siku ya gulio, benchi likajaa, na Fisi akabaki na viti vyake vya kuegemea.

Lakini siku isiyo zamu yake, Bi Nungunungu alitoka nje ya kibanda ili asisikie. Wapi! Ndani mwiko kwaru, kwaru, kwaru! Nje miiba yake nayo, kwa uchu tu, kwaru, kwaru, kwaru! Ndiyo maana mpaka leo nungunungu akipita utasikia miiba inalia. Watu husema anatisha adui. Uongo! Leo si zamu yake.

Hadithi yangu imefika chini ya sufuria. Wali nimewapakulia ninyi. Ukoko nabaki nao mimi.

Hatukubali!

Nani huyo? Sema tena, sijasikia. Natafuna.