Msikiti Uliokunywa Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kama watu waliokula. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, babu zenu wakiwa bado wanakojoa mikekani, palikuwa na kijiji kando ya bahari. Kijiji kilikuwa na kisima kimoja. Na kisima cha pwani kina tabia yake: maji matamu yamelala juu, maji ya chumvi yamelala chini. Ukichota kwa adabu, unapata matamu. Ukichota kwa pupa, ya chini yanaamka.

Katika kijiji hicho aliishi Shaame, mwenye minazi mingi na mtoto mmoja. Mtoto mwenyewe wa kike, jina lake Raya. Raya alipokuwa mdogo alishikwa na homa, homa kweli, mwili ukawaka kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Mkunga wa kijiji, Bi Miza, ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa, na ndiye aliyekesha naye. Akamkanda, akamnywesha mizizi, akamkanda tena. Shaame yeye akatoka uani, akainua mikono, akaweka nadhiri. Mola akimwachia mwanawe, atamjengea msikiti. Maji ya msikiti huo hayatakatika kutiririka, wala taa zake hazitazimika, usiku wala mchana.

Raya akapona. Akakua, akaolewa, akachukua mimba. Na Shaame, miaka hiyo yote, akajenga.

Alijenga, jamani! Kuta za mawe na chokaa, birika la udhu la kuogea tembo, na mfereji unaotoka kwenye birika mpaka kizingitini. Maji chururu, chururu, usiku na mchana. Wachota maji wakapokezana kisimani: ndoo chubwi, kamba kwaru-kwaru, ndoo chubwi, kamba kwaru-kwaru. Mkono mmoja ukichoka, mwingine unashika.

Halafu akatundika taa. Taa hapa, taa pale, taa mpaka kwenye pembe wanakolala popo. Zote zinakunywa mafuta ya nazi kama walevi. Lakini mchana jua liliingia madirishani, na taa ya adhuhuri nani ataiona? Jambo hilo lilimuudhi Shaame. Akaamuru madirisha yazibwe kwa mawe. Yakazibwa. Sasa taa zikaonekana, lakini ndani kukawa joto kama tanuri la chokaa. Watu wakisujudu, jasho linatangulia. Shaame akaamuru sakafu imwagiwe maji ipoe. Ndoo chubwi, kamba kwaru-kwaru. Basi taa zikaziba madirisha, madirisha yakaleta joto, joto likaita maji, na maji yalikuwa na mahali pamoja tu pa kutoka.

Watu walisifu. Mtu akikulisha wali kila Ijumaa, hata ukuta wake utauita mtukufu.

Bi Miza hakusifu. Alikuwa mzee tayari, mgongo umepinda lakini ulimi umenyooka. Alimfuata Shaame akamweleza habari za kisima, kwamba kamba imeongezwa mara mbili na ndoo inakwaruza chini. Shaame akamsikiliza kwa heshima, maana yule ni mama wa watu wote. Kisha akamwambia, "Mama, hii ni nadhiri. Ni baina yangu na Mola wangu."

"Na kisima?" akasema Bi Miza. "Hicho kiko baina ya nani na nani?"

Shaame akaaga, akaenda zake. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga. Kila alipopita mlangoni pa msikiti alisimama kusikiliza: chururu, chururu. Sauti ile ilimwambia Raya yu hai. Maji yakipungua kasi, moyo wake ulikwenda puu. Alikuwa akiamini, ndani kabisa, kwamba siku mfereji utakaponyamaza, na Raya atanyamaza.

Kiangazi kikaingia. Raya akajifungua mtoto wa kiume, akalazwa ndani kama desturi, Bi Miza akimhudumia. Siku ya Shaame kwenda kumwona mjukuu alibeba mbuzi, akavaa kanzu ya kutoka. Akamshika mtoto, akamtemea dua, akakaa. Raya akamletea uji wake wa mzazi, ule wa pilipili manga, amwonjeshe baba.

Shaame akapiga funda. Uso ukamkunjika kama soli kuukuu. Akauliza nani kapika, nani huyo asiyejua tofauti ya sukari na chumvi.

"Baba," akasema Raya, "sukari imetiwa. Chumvi hakuna aliyetia."

Alisema taratibu, kwa midomo iliyopasuka. Hapo ndipo Shaame alipomtazama vizuri mwanawe. Macho yamezama. Shingo imekonda. Bi Miza, aliyekuwa pembeni akikunja nguo za mtoto, akamweleza bila kupamba. Kisima kimegeuka tangu juzi. Kila anachokunywa mzazi huyu kinamzidishia kiu, maziwa yanakauka, mtoto ananyonya na kulia. Matamu ya mwisho yameingia birikani, na birikani yanamwagika mchangani.

"Ulimwomba Mola akuachie mwanao," akasema Bi Miza. "Amekuachia. Sasa wewe unamtoa, kata kwa kata ya maji."

Shaame akakiweka kikombe chini. Nikiacha, akasema, nimevunja nadhiri, nitanyang'anywa. Nisipoacha, ndiyo hivi. Nifanyeje, mama?

"Mimi sikusoma, baba. Nitakuuliza tu. Kisima cha nani?"

"Cha Mungu."

"Na msikiti?"

"Wa Mungu."

"Je, ukiingia shambani kwangu, ukakata ndizi zangu, ukaja kuzitupa mlangoni pangu, ukaniambia Bi Miza nimekuletea zawadi, nikuambie ahsante?"

Raya, na kiu yake yote, akacheka.

Shaame akaondoka mbio, pindo la kanzu mkononi, mpaka kwa Mwalimu Nassor, imamu wa msikiti. Akamuuliza. Mwalimu akajikuna ndevu. Akasema israfu ni israfu, kufuja ni dhambi, hata ukimwaga maji kwa kutia udhu. Mwenye kunadhiri jambo la kuharibu asilitimize. Atalisha maskini, na Mungu ni mwenye kusamehe.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu chuoni."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, bwana," akasema Mwalimu, akitazama chini. "Halafu wali wako ulikuwa mtamu."

Shaame akamgeuzia mgongo. Akaenda birikani, akauziba mfereji kwa kitambaa cha kilemba chake. Chururu, chu... kimya. Akasimama, masikio wazi, akingoja kilio kutoka nyumba ya Raya. Jogoo akawika. Hakuna kingine. Akawaambia wanawake waliokuwa wakipita waje na mitungi, yaliyobaki birikani ni yao, na mtungi wa kwanza uende kwa mzazi.

Kisha akachukua mtaimbo. Ko! Ko! Ko! Jiwe la dirisha likaanguka. Ko! Ko! Jingine. Jua likaingia pwaa! Na upepo nyuma yake. Na ndipo watu walipoona ndani ya ule msikiti waliousifu. Dari lote jeusi kwa masizi. Mikeka imeota ukungu. Tando za buibui zinaning'inia kama mapazia ya arusi. Mwalimu Nassor kajitazama kanzu yake nyeupe, kumbe kijivu. Watu wakacheka mpaka wakashika kuta, na mikono ikatoka myeusi.

Shaame akazipuliza taa. Fyuu. Fyuu. Fyuu. Ya mwisho akasita. Bi Miza akamwambia kutoka mlangoni, "Puliza, baba. Aliyewasha lile jua la juu hakuhitaji kusaidiwa mchana."

Akapuliza. Moshi kidogo ukapanda. Basi.

Tangu siku ile utaratibu ukabadilika. Bi Miza aliwafundisha wanaume wazima kutia udhu kwa kata moja, kile kifuu cha kuchotea, akasimama pale pale akiwahesabia viungo. Kijana mmoja akamaliza kata yote kwenye kiwiko. Bi Miza akamwambia asali basi kwa kiwiko hicho. Maji ya kunawia yakaelekezwa kwenye migomba. Taa ikawashwa moja magharibi, ikalala baada ya isha. Kisima wakakiacha kipumzike. Wakawa wanatembea mbali mpaka kwenye chemchemi, wakichota, wakinung'unika, na Shaame mbele na mtungi wake begani, bila mtu kumtuma. Masika yaliponyesha, tamu ikarudi juu, chumvi ikalala.

Hapo Shaame akapika kulisha maskini. Sinia la kwanza likatoka, mvuke unapanda. Akauliza maskini wa kwanza ni nani. Bi Miza akaketi, akakunja mikono ya nguo.

"Mimi. Maneno yangu yote nimeyamaliza kwako."

Akala, akaramba vidole, akaitisha nyongeza.

Bi Miza alikufa kwa uzee, kama wanavyokufa waliofanya kazi yao. Lakini kule mtu akimwaga maji ovyo, mpaka leo huambiwa: Mwenye kisima anakuona, na Bi Miza anahesabu viungo vyako.

Mwenye masikio kasikia: usimpambie Mungu mlango kwa kumharibia ua. Alichoumba ni chake kabla ya ulichojenga.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapa. Yenu kazi ya kuubeba.