Kwa Nini Ngata Hufunguliwa Mzigo Ukituliwa

Hapo kale, milima ya Upare ilipokuwa na chemchemi nyingi kuliko watu, wanawake walibeba mitungi juu ya vichwa vitupu. Utosi uliota sugu, na mtungi uliteleza utakavyo.

Siku moja mtungi ulimteleza Nakijwa kwenye genge. Akaunyoshea mikono ili audake, akatumbukia nao. Mdogo wake, Namkunda, aliyekuwa nyuma yake, alimwona akienda.

Baada ya matanga Namkunda hakutulia. Alijaribu nyasi, zikapondeka. Akajaribu kamba, ikamchubua. Mwisho alisokota majani makavu ya mgomba, akayazungusha yakawa duara la ngata, akaliweka utosini. Mtungi ukakaa. Akawafundisha wenzake pale kisimani, mmoja mmoja, na miaka ikapita bila mwanamke kuanguka gengeni.

Namkunda alikuwa na shemeji yake, Mbonea, mtu wa mizaha. Katika ngoma ya mavuno, mgeni kutoka tambarare aliuliza ngata ile ilibuniwa na nani. Mbonea, kibuyu cha pombe mkononi, akamjibu kwamba ni shujaa Sengata, aliyebeba jabali kichwani toka kileleni hadi bondeni. Watu wakacheka mpaka machozi. Namkunda naye akacheka. Mgeni hakucheka; aliondoka na habari ile kama ilivyo.

Mavuno mawili baadaye Sengata alipanda mlima toka tambarare akiwa na wimbo wake. Akapatiwa ukoo, kisha kaburi: rundo la mawe njiapanda, watu wakilimwagia pombe. Watoto wa Namkunda mwenyewe waliuimba wimbo huo wakitwanga.

Namkunda akaenda barazani kwa wazee, akaeleza habari ya Nakijwa na majani ya mgomba. Wakamsikiliza kwa upole, kama asikilizwavyo mtu mwenye homa. Ndipo akamwomba Mbonea aseme kweli.

Mbonea akasimama, macho chini. "Sengata nilimzaa mimi kwa kinywa changu, siku ya pombe," alisema. "Hajapata kuwepo."

Baraza likachafuka. Mzee mmoja akauliza tangu lini Mbonea akawa msema kweli. Wakamhukumu kwa kumtukana mzimu, wakampeleka njiapanda, wakampigisha magoti mbele ya mawe yale aombe radhi. Akaomba.

Walipokuwa wakirudi alimwambia Namkunda, "Shemeji, nilidanganya nikapewa pombe. Leo nimesema kweli, ona magoti yangu."

Namkunda alishuka kisimani, akajaza mtungi, akaufikisha nyumbani na kuutua. Kisha akaishika ngata, akaifungua jani kwa jani mbele ya wanawake waliokuwa uani.

"Kama ngata ni ya Sengata, basi asikute hata moja iliyo nzima," akasema.

Wale waliomjua Nakijwa wakafungua za kwao. Binti zao wakaiga bila kuuliza.

Ndiyo maana mpaka leo, iwe ya majani au ya kanga, mwanamke akishatua mzigo huifungua ngata yake kwanza, hata kabla hajafuta jasho. Ukimuuliza sababu, atakwambia ndivyo alivyoagiza Sengata.