Chumba cha Chini katika Nyumba ya Mwisho

Aliyetunga methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, bila shaka hakuwa dalali. Dalali huanza na mlango. Hukusimamisha mbele yake, akakuacha uutazame mpaka moyo uingie kabla ya miguu. Methali hii yatufundisha kwamba uzuri wa kitu hauthibitiki kwa sura yake ya nje, na kwamba mwenye kutaka ukweli sharti aufuate hadi ndani. Ni maneno mepesi kukariri. Pulchérie aliyajua tangu shule ya msingi, lakini hayakumfaa kitu siku alipouona mlango ule.

Ulikuwa mlango wa mbao nyekundu, mpana, wenye kioo kirefu kila upande, na asubuhi jua lilipoupiga uling'aa hata barabarani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba nne mpya zilizoungana kuta, juu kidogo ya Ziwa Kivu, njiani kwenda Nyamyumba. Tatu zilikwisha nunuliwa. Hii ya ukingoni ilikuwa na jirani upande mmoja tu. Upande wa pili palikuwa na bustani, mteremko, kisha ziwa. Pulchérie aliuza vitenge mpakani mwa Rwanda na Kongo, na kila alipopita pale kwa pikipiki akimpelekea mteja mzigo, alimwomba dereva apunguze mwendo. Alikwisha kuipenda nyumba hiyo kama mtu ampendavyo mtu.

Alikuwa na sababu. Yeye na mumewe Kabera, karani wa forodha, walikuwa wamesubiri mtoto kwa miaka mingi mpaka majirani wakaacha kuwauliza. Walipokaribia kukata tamaa, Mungu akawajalia Mahoro, ambaye sasa alikuwa ameanza kutambaa. Walipanga nyumba huko Mbugangari, kando ya barabara ya malori, na vumbi lake lilimkohoza mtoto usiku kucha. Pulchérie aliapa kwamba mwanawe hatapiga hatua zake za kwanza katika vumbi lile. Akiba waliyokuwa nayo ilitosha kununua nyumba moja maishani. Wakikosea, hapangekuwa na ya pili.

Basi alasiri moja wakaenda kuitazama. Aliyewapokea alikuwa Régis, dalali kijana, mwenye viatu vilivyochongoka na ulimi uliochongoka zaidi.

"Karibu, Mama. Karibu, Mzee," alisema, Kiswahili chake kikichanganyika na Kifaransa. "Donc, mi sitasema kitu. Nyumba itasema yenyewe."

Aliufungua mlango, na kwa kweli nyumba ikasema. Hakuna aliyewaambia wavue viatu, lakini wote wawili walivivua. Hakuna aliyewaambia wanong'one, lakini sauti zao zilishuka kama za watu walioingia kanisani. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa kioo, na nje ya kioo hicho ziwa lilitandaa mpaka kwenye milima ya Kongo, likiwa bluu hata macho yakauma. Kabera, ambaye kwa desturi alikuwa na neno la kukosoa hata harusini, alisimama katikati ya chumba akiwa ameshika soksi zake mkononi. Pulchérie aligusa kuta, aligusa mabomba ya jikoni, aligusa ngazi. Alikuwa akihakikisha kwamba vitu hivyo vipo.

"Bado," Régis alisema. "Tushuke chini kwanza."

Kwa kuwa ardhi iliteremka pale ukingoni, mwenye nyumba alikuwa amechonga mwamba akapata chumba cha chini, ambacho nyumba zile nyingine hazikuwa nacho. Mbele yake palikuwa na kiua kidogo kilichozungushiwa ukuta wa mawe meusi. Milango ya kioo ilikuwa wazi, upepo wa ziwa ukiingia na kutoka. Pulchérie alipokanyaga sakafu alishtuka: ilikuwa na joto, joto la upole, kama mgongo wa mtoto aliyelala.

"Joto hili linatoka wapi?" Kabera aliuliza.

"Chini huku iko maji ya moto, Mzee, sawa na yale watu wanaenda kuoga kule Nyamyumba. Mungu mwenyewe anapashia mutoto wenu chumba. Na halipishi umeme."

Pulchérie alipiga magoti akaweka viganja vyake sakafuni, na machozi yakamtoka. Alikiona kitanda cha Mahoro pale pembeni. Alimwona mwanawe akitambaa juu ya joto lile bila vumbi wala kikohozi. Alijua palepale kwamba hiki ndicho chumba cha mtoto, na kama Régis angetoa kalamu, angetia sahihi akiwa bado amepiga magoti.

Ila Kabera alikuwa mtu wa kwenda polepole. Alizaliwa na kulelewa Karagwe, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama tabia yake.

"Mama Mahoro," alisema, "tusikimbilie. Leo nyumba imefunguliwa madirisha na kupambwa kwa ajili yetu. Turudi tena asubuhi na mapema, kabla haijaamshwa. Nyumba huonyeshwa mchana, lakini mtu huishi ndani yake saa zote."

"We unaogopa hata kitu kizuri," Pulchérie alimjibu. "Bon. Tutarudi. Lakini nitakuja na mushumaa, mutoto tutamulaza hapa, na tukimaliza kuomba unatia sahihi, hutaniambia tena ngoja."

Hiyo ilikuwa desturi ya kwao. Pulchérie alikulia Goma kabla wazazi wake hawajarejea Rwanda, na mama yake kamwe hakuhamia nyumba bila kwanza kupitisha ndani yake mshumaa uliobarikiwa Pasaka, chumba baada ya chumba. Mwishoni mshumaa uliwekwa sakafuni katika chumba cha mtoto, na mtoto akalazwa kando yake, ili awe wa kwanza kuipokea nyumba.

Jumapili alfajiri, kabla ya misa, wakarudi. Verediane, mdogo wake Pulchérie, alikuja nao akiwa amembeba Mahoro mgongoni. Mwenye nyumba mwenyewe alikuwapo: Bwana Rutagengwa, mtu mrefu aliyekulia Uganda na sasa akifanya biashara Kigali. Alikuwa amefika jana yake jioni ili awahi kutia sahihi, akalala humohumo. Aliwasalimu kwa heshima huku akijikanda paji la uso.

"Mnisamehe," alisema. "Kichwa kinaniuma tangu nilipoamka. Nafikiri ni barabara ya Kigali, kona ni nyingi."

Walianzia juu. Pulchérie alitangulia na mshumaa, wengine wakafuata wakiitikia sala. Vyumbani ulimi wa moto ulisimama wima. Sebuleni, nyuma ya kile kioo, ziwa lilikuwa jeupe kwa ukungu, na walipoliona wote walinyamaza katikati ya Baba Yetu wakasahau walipofikia. Verediane alicheka kidogo kwa aibu. Wakaanza upya, wakapita jikoni, wakashuka ngazi.

Chumba cha chini kilikuwa kimefungwa tangu jioni. Pembeni palikuwa na kitanda cha kukunja alicholalia Rutagengwa. Hewa ilikuwa imetulia kama maji mtungini, wala jani moja la kiuani halikutikisika. Pulchérie alipiga magoti pale alipopiga siku ile, akahisi joto lilelile.

"Yaya, nimulaze?" Verediane alimwuliza dada yake. Alikwisha fungua fundo la kitenge, na mtoto, mzito kwa usingizi, alikuwa akiteleza kuingia mikononi mwake.

"Ngoja niweke mwanga kwanza."

Aliushusha mshumaa. Ulipofika usawa wa magoti ya mtu aliyesimama, moto ulisinyaa, ukainuka juu ya utambi kana kwamba unaukimbia, ukazimika. Moshi wake haukupanda. Ulitandazika hewani kama shuka, ukabaki umening'inia hapo.

"Upepo," Régis alisema, ijapokuwa hapakuwa na upepo. Akawasha kiberiti, akainama, na njiti ikafa kabla haijaufikia utambi. Akasimama akawasha nyingine, ikawaka vizuri. Akainama nayo, ikafa. "Hivi viberiti vya siku hizi," alisema, lakini sauti yake haikuwa tena ya dalali.

Pulchérie alikuwa angali magotini. Alihisi moyo wake ukienda mbio na pumzi ikimwishia, kama mtu aliyepanda mlima. Ndipo alipokumbuka. Alikumbuka bonde dogo nyuma ya kwao, upande wa Sake, na mbuzi wao aliyeshuka kula majani asubuhi tulivu kama hii, akapiga magoti, asiinuke. Alikumbuka alivyotaka kumkimbilia, na mkono wa baba yake ulivyomshika gauni kwa nyuma ukamng'ang'ania. Kila mtoto wa Goma analijua neno lile. Naye alikuwa amelijua maisha yake yote, akalisahau siku moja tu, mbele ya mlango mzuri.

"Usimulaze," alisema kwa sauti ndogo. "Inua mutoto. Juu, juu ya kichwa yako. Panda ngazi, Verediane. Sasa hivi."

Verediane hakuuliza. Kabera alimshika mkewe kwapani akamsimamisha, wote wakapanda, na Pulchérie akamtwaa mtoto na kumpeleka barazani penye hewa. Alimfunua uso. Mahoro alikunja pua, akakasirika kwa kuamshwa, akalia. Mama yake hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

"Ni mazuku," aliwaambia. "Ni hewa ya chini, inatoka mu mwamba, kule kwenye volkano inapumua. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito, inajaa mu shimo kama maji. Mutu akisimama, kichwa iko inje. Mutoto akilala sakafuni..." Hakumaliza.

Rutagengwa hakukubali mara moja. Alikuwa amejenga nyumba nne kwa jasho lake, na hakuna mtu apendaye kuambiwa kwamba shimo lenye mauti lipo chini ya kazi yake. Alichukua kiberiti cha gesi, akashuka mpaka katikati ya ngazi, akakiwasha na kukishusha polepole kwa mkono ulionyooshwa. Kilizimika. Akarudia, kikazimika palepale, kama kwamba mtu alikuwa amechora mstari hewani. Alikitazama kitanda chake cha kukunja. Mto ulikuwa kiganja kimoja tu juu ya mstari ule.

Alipanda, akaketi kizingitini.

"Nililala humo," alisema. "Hiki kichwa changu, kumbe si barabara." Kisha akaongeza, bila kumtazama mtu, "Chumba kile nilimchongea mama yangu, kwa sababu ya joto. Miguu yake inamuuma. Angehamia mwezi ujao kama nisingepata mnunuzi."

Wakati huo gari lilisimama nje. Walikuwa wanunuzi wengine, mume na mke, waliopewa miadi ya saa mbili. Wote waliokuwa barazani walimwona yule mke akishuka, akasimama mbele ya ule mlango mwekundu, akaweka mkono kifuani.

Régis aliinama sikioni mwa Rutagengwa. "Patron, mchana upepo unarudi. Tufungue vioo, basi. Hawa hawana mushumaa."

Rutagengwa alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akainuka, akauvuta mlango akaufunga, akatia ufunguo mfukoni. Akawaendea wale wageni akawaambia wazi kilichomo chini, na kwamba nyumba haiuzwi mpaka wataalamu waje waseme kama chumba kile chaweza kuponywa au kifukiwe. Yule mke alibaki akiutazama mlango. Hakuamini, kwa kuwa kila alichokiona kwa macho yake kilikuwa kizuri.

Kabera na mkewe walipanda kwa miguu kuelekea barabarani. Nyumba haikupatikana, na Mbugangari ilikuwa ikiwasubiri na malori yake. Kabera angeweza kusema nilikwambia, na waume wengi wangesema, lakini yeye alimwomba ampe mtoto ambebe.

"Hapana," Pulchérie alisema. "Niache naye." Akamfunga Mahoro mgongoni, akamkaza kwa kitenge. "Baba Mahoro, niliogopa. Na bado naogopa. Ni mimi nilisema alazwe pale. Ni mimi, kwa mdomo wangu."

Kabera alimshika mkono, wakasimama hapo kando ya njia, ziwa likiwa chini yao, kubwa na tulivu, lisiloeleza lolote. Mtoto alikuwa amelala tena. Pulchérie aliisikia pumzi yake shingoni, ya moto na fupi. Akaisubiri ya pili, ikaja. Akaisubiri ya tatu, ikaja, na hapo tu ndipo miguu yake ilipokubali kutembea. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.