Kicheko cha Somoe Ndani ya Simu

Mpo? Aliye na chungu motoni akiteremshe, maana hii nikishaianza sirudii nyuma, na mwisho wake nitawatupia ninyi. Mimi umenishinda.

Hapa Muheza, mtaa wa nyuma ya soko la machungwa, tuna chama chetu cha wanawake cha kuzikana. Ndani yake walikuwamo mashoga watatu. Yao nayajua yote, hata wasiyotaka niyajue.

Wa kwanza Mwajabu. Huyu alijua watu na alijua maneno. Mtajie jina lolote, atakwambia mtoto wa nani, kaolewa wapi, kaachwa kwa sababu gani na hasemi na nani tangu harusi ya nani. Mimi mwenyewe, ambaye si haba, nikikwama nilikwenda kwake. Na jambo zito likimkaa mtu kooni, Mwajabu alilipatia neno la kulisemea.

Wa pili Hidaya, mwenye kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwenye simu. Darasa la saba, basi. Lakini mkono wake haukubali kushindwa. Redio ikifa ataifungua, ataichokonoa, itapona. Ukimuuliza imeponaje, hajui, na redio nayo haijui.

Wa tatu Somoe. Huyu alikuwa na sauti. Somoe akikwambia ondoka kwangu, unaondoka huku unamshukuru. Akiita kuku wake, wa majirani nao wanakuja.

Sasa, tabu ya chama chetu ilikuwa moja: habari ya msiba haifiki. Zamani alitumwa mtu apite nyumba hadi nyumba. Aliyerukwa ananuna mwaka. Kwenye mazishi ya Mzee Shemhilu wawili walikamatana kanga mbele ya sufuria la wali, kila mmoja anapiga kelele, "Mimi sikuambiwa!" Tukafungua kundi la kwenye simu. Nusu yetu hatusomi, na nusu nyingine wanasoma maiti akishazikwa, kwa kuwa habari imefukiwa chini ya picha za maua na asubuhi njema.

Wakati huo Hidaya alikuwa amepata wazimu wake. Kule kwenye intaneti aligundua mahali unapoweza kutengeneza programu ya simu bila kujua kuandika ile lugha ya kompyuta. Unapewa viboksi. Hiki cha majina, hiki cha namba, hiki cha sauti. Unavivuta kwa kidole na kuviunganisha kama mtu anayeshona viraka. Akatengeneza ya kwanza, soko la kuuzia watu wote vitu vyote: machungwa, viwanja, magauni ya harusi. Hakuingia mtu ila mumewe, naye alitaka kuuza baiskeli.

Mwajabu akamwambia, "Shoga, unahangaika na dunia nzima ya nini? Dunia umeijulia wapi? Tafuta karaha moja ambayo sisi wenyewe inatukera."

Ndipo Mwito ulipozaliwa, programu ya kuwapigia wanachama wote simu kwa mara moja, mtu akifariki.

Hidaya alitoa mkono. Miezi alivuta viboksi vyake pale kibandani, wateja wanasubiri pesa zao na kusonya. Akifuta, anaanza, akikosea, anawauliza wageni huko huko kwenye intaneti, watu asiowajua hata rangi. Mpaka siku aliyobonyeza pahala pamoja, na simu zetu zote zikalia kwa mpigo mmoja. Hapo hata waliosonya walipiga makofi.

Mwajabu alitoa maneno. Hidaya alitaka Mwito useme, "Kuna msiba." Mwajabu akakataa katakata. "Mtu hapigiwi simu akaambiwa kafiwa, ana maji ya moto mkononi! Sisi tunasema mgonjwa amezidiwa, njoo. Aliye mbali na marehemu ataelewa pale pale. Aliye karibu atapata njia nzima ya kuelewa." Nani angembishia? Ndivyo tulivyoambiwa sisi, na mama zetu.

Somoe alitoa sauti. Walimfungia stoo, godoro limeegemezwa mlangoni kuzuia kelele, akasema: "Shikamoo mama. Mgonjwa wetu," halafu panaachwa nafasi ya jina, "amezidiwa. Njoo nyumbani, mama. Njoo taratibu, usikimbie." Hilo la usikimbie aliliongeza mwenyewe, hakutumwa. Kisha akasoma majina ya wanachama, mmoja mmoja, na kila jina alilibeba kama yai. Alipofika kwenye jina lake akaangua kicheko.

"Rudia," Hidaya akamwambia.

"Sirudii! Hilo mtalitumia lini? Vizee vyote hivi mimi ndiye nitakayewazika."

Kikaachwa.

Na alifanya jambo jingine. Mama yake, Bi Chausiku, anakaa peke yake juu Magoroto, milimani. Somoe alimwandikisha chamani na kumlipia yeye. "Mama simu za watu hapokei," alisema, "lakini mimi nikimwamkia atapokea."

Mwito ukashika. Vyama vya Pongwe, vya Mkanyageni, mpaka Korogwe vikaja kuuomba, vikawa vinatoa ada kidogo ya mwezi, na Somoe akarudi stoo kuwasomea majina yao. Wanawake wasiomjua sura walimjua sauti. Ikafika mahali Somoe akiuliza bei ya nyanya sokoni, watu wanashika vifua: "Jamani! Nani tena?" Naye anacheka, anasema, "Nyanya zimezidiwa."

Mngemwona. Basi.

Jumatano moja asubuhi Somoe alianguka uani kwake akianua nguo. Hatukuwahi hata kumtoa pale. Shuka alilokuwa akianua ndilo tulilomfunika.

Hidaya alifika mbio, simu mkononi. Alilia kwanza, halafu akafanya kama alivyofanya kwa wote waliotangulia. Alichagua jina. Akabonyeza.

Simu zetu zikalia pale pale uani, zote, kwenye mafundo ya kanga na vifuani. Yangu niliipokea nimesimama kwenye miguu ya maiti.

"Shikamoo mama. Mgonjwa wetu, Somoe," na kile kicheko, "amezidiwa. Njoo nyumbani, mama. Njoo taratibu, usikimbie."

Waliokuwa wamejikaza wakaachia vilio. Mume wa Somoe alikaa chini kando yake.

Sasa sikilizeni hapa. Mzazi, kwa desturi, anafuatwa. Anatumwa mtu mzima, anafika, anaomba maji, anaeleza kidogo kidogo, anamshika mkono wanarudi wote. Siku ile hakutumwa mtu. Kila aliyeuliza, "Bi Chausiku je?" alijibiwa, "Mwito umeshamfikia." Na kweli ulikuwa umemfikia.

Bi Chausiku alipokea. Alimsikia mwanawe akimwamkia. Alimsikia akisema Somoe amezidiwa, na akamsikia akicheka. Mgonjwa anayejitangazia ugonjwa wake huku anacheka, mama yake ataogopa nini? Tena kaambiwa asikimbie. Akawasha moto, akapika uji wa pilipili manga anaoupenda binti yake, akauchuja, akaujaza kwenye chupa ya chai na kuifunga kwa kanga. Akafunga mbuzi wake. Akateremka mlima taratibu, na huko njiani mtandao hakuna, kila aliyempigia alimkosa.

Wazee walisubiri. Alasiri ikapita. Wakasema maiti hacheleweshwi.

Alifika watu wanarudi kutoka makaburini. Alituona tumejaa uani, akadhani tumekuja kumwona mgonjwa, akafurahi kwamba mwanawe anapendwa. Akaita toka barazani:

"Yuko wapi huyo mtundu? Mtu anaumwa huku anacheka! Nimemletea uji, na aunywe ungali moto."

Mwajabu, yule mwenye maneno ya kila kitu, alifungua mdomo na kuufunga. Hidaya aliificha simu nyuma ya mgongo. Ikabidi uso wa mkwewe umwambie. Ile chupa hakuiweka chini mpaka kesho yake asubuhi. Mwanawe hakumwona hata uso.

Haya. Arobaini ilipopita, vyama vya Handeni vikaleta ujumbe: nao wanautaka Mwito, ila waambiwe mapema utakavyokuwa. Tukakaa kikao, Hidaya, Mwajabu na Bi Chausiku wakawekwa mbele.

Hidaya alisema, "Nimeujenga kwa mkono huu, na mkono huu ndio uliobonyeza. Nataka nitoe kila kitu, nimweke msomaji mwingine, na useme kweli: kuna msiba. Asije mama mwingine akapika uji. Ningeyabadili maneno tu nikaiacha sauti, lakini neno msiba Somoe hakulisoma, na sasa nani atamsomesha?"

Mwajabu akasema, "Maneno ni yangu. Nilisema yatampa mtu njia nzima ya kuelewa, na Bi Chausiku ameimaliza njia nzima hajaelewa. Ufungeni. Turudi kwa miguu. Afadhali wenye kununa kuliko hili."

Mjumbe wa chama cha Korogwe, aliyekuja kikaoni, akaruka, "Ufungwe? Sisi kwetu umemaliza ugomvi wote!"

"Basi nendeni na ugomvi wenu," Mwajabu akasema.

Tukamgeukia Bi Chausiku. Wote tulijua atakachosema: itoeni sauti ya mwanangu, mwacheni apumzike. Kumbe.

"Msiiguse," alisema. "Tangu siku ile wamekufa wawili chamani. Mara zote simu imelia, nimepokea, mwanangu kaniamkia. Kaniambia nije taratibu. Nimekuja."

Hidaya akaenda kumpigia magoti. "Mama, si nilikutilia sauti yote kwenye simu yako? Uisikilize utakapo, hata usiku na mchana, pamoja na kile kicheko."

"Ulishanitilia, mwanangu. Ahsante. Lakini hiyo naibonyeza mimi." Akaifunua kanga yake, akaitoa ile simu ndogo ya vibonye na kuiweka kwenye paja. "Mimi nataka anipigie yeye."

Kikao kikavunjika. Jibu la Handeni bado linasubiriwa, nami nawaleteeni ninyi.

Lakini kabla hamjafungua midomo, niwape na la uchochoroni. Siku hizi chama kikikaa muda bila kufiwa, Bi Chausiku hushuka mlima kutujulia hali. Anapita kwa mmoja mmoja, anakaa, anatutazama vizuri sana. Juzi nilikohoa mbele yake. Akaniuliza kwa upole, "Kimekuanza lini?" Mimi ndiye mkubwa kuliko wote chamani, na jina langu Somoe alilisoma vizuri mno, polepole, hakulicheka. Zamu yangu ikifika, simu itamlilia Bi Chausiku kule juu, ataufuta mkono na kupokea. Sijui niombe umri au nimfanyie haraka.

Haya, semeni. Mwito ungekuwepo bila mkono wa Hidaya? Bila maneno ya Mwajabu? Bila sauti ya Somoe? Usingekuwepo. Na Bi Chausiku angechelewa bila kidole cha Hidaya, bila "amezidiwa" ya Mwajabu, bila kicheko cha Somoe na usikimbie yake? Asingechelewa. Wameshiriki jema sawa na baya sawa. Mmoja anataka ubadilishwe, mwingine ufungwe, na mrithi wa sauti anataka ubaki kama ulivyo, apigiwe.

Simu ya Hidaya hii hapa, imewekwa katikati yenu. Wewe uliyenyamaza pale pembeni, na wewe unayefuta macho ukijifanya moshi: ungempa nani neno la mwisho?