Saa za Tai kutoka Mawioni hadi Machweoni

Hadithi inabisha hodi!
—Karibu, ingia ndani!
Ina vumbi miguuni!
—Ijifute, ikae!

Hapo kale wanyama walikuwa na miji miwili, Mawioni na Machweoni. Kati yake palikuwa mwendo wa miezi saba kwa miguu ya Sange, yule kijipanya mwenye pua ndefu. Dada yake Sange alikuwa amejifungua huko Machweoni, watoto wanne, na njaa imemkausha maziwa. Sange akafunga mapakacha matatu ya kumbikumbi wakavu. Akayahesabu. Akayafungua, akayahesabu tena.

Mbebaji alikuwa mmoja tu, Tai, na desturi yake ilikuwa pakacha moja kwa kila saa ya kuruka.

"Kuruka hadi Machweoni ni saa ngapi, Mjomba?"

"Sita," Tai akasema, tumbo likinguruma ngurrr! "Mapakacha yakipungua, nitajazia na wewe."

Sange akamkimbilia Mbayuwayu, akamuuliza mara tatu, na mara tatu akajibiwa: "Ni saa tatu, mabawa yakikazwa. Na huko jua huchomoza saa tatu baada ya huku."

Akarudi kwa Tai. "Mjomba, tusije tukabishana. Kila mji una jogoo wake wa kutangaza saa. Tumsikilize wa hapa tukiondoka, na wa kule tukitua. Zitakazozidi ndizo haki yako."

"Majogoo hawadanganyi," Tai akakubali, huku akiwaza namna ya kujikokota.

Jogoo wa Mawioni akawika, "Saa mbiliii!" Wakapaa.

Juu ya mbuga Tai akapunguza: pa… pa…

"Mjomba, Kipanga anasema umezeeka."

Pa-pa-pa-pa!

Juu ya milima akapunguza: pa… pa…

"Mjomba, Kunguru katupita. Tena anatafuna."

Pa-pa-pa-pa!

Juu ya ziwa akapunguza: pa… pa…

"Mjomba, yule si Bata?"

"Bata! Anipite mimi?"

Pa-pa-pa-pa-pa-pa!

Wakatua, puu! Jogoo wa Machweoni akanyoosha shingo: "Saa mbiliii!"

"Tumeondoka saa mbili," Sange akasema, "tumefika saa mbili. Mjomba, zimezidi ngapi?"

Tai akahesabu kwa kucha za kulia. Akahesabu kwa za kushoto. Hakupata hata moja.

"Lakini mabawa yananiuma!"

"Pole, Mjomba. Labda uliyalalia vibaya."

Tai akafikiri, kisha akacheka. "Haya! Wakati wa kurudi, kwa majogoo haohao, zitakuwa saa sita. Mapakacha sita, we kidudu!"

Sange alikwisha kuyaburuta matatu yake hadi mlangoni kwa dada. Watoto wanne walikuwa wakilia ndani.

"Kurudi wapi, Mjomba? Mimi nimehama."

Basi tumejifunza, wapenzi, kwamba saa mbili ni saa mbili popote uendako, na kwamba mdogo hapaswi kubishana na mkubwa.

Hadithi imetua!
—Tushushe mizigo!