Zamu ya Zuena Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na kifaranga wa kanga, jina lake Zuena. Alizaliwa na mdomo uliopinda. Akiita, sauti inakwaruza, na wenzake wanaangua kicheko. Kaka yake akambandika jina: Kombo.

Mama yake akampeleka kwa Kigogota, fundi wa kunyoosha midomo. Ko! Ko! Ko! Akachonga, akafunga kwa kamba ya mgomba. Mwezi mpya ulipoandama, mdomo umenyooka kabisa.

Lakini woga, jamani! Woga haukuchongwa. Zuena aliuficha mdomo chini ya bawa vilevile. Alikula peke yake.

Sasa, kanga wana desturi. Wakila, mmoja hupanda kichuguu kulinda, kwa zamu. Zamu ya Zuena ikifika, mama anasema, "Mwacheni, maskini, huyo mgonjwa."

"Mama, nimepona," Zuena alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Watakucheka."

Akaurudisha mdomo chini ya bawa.

Siku moja Zuena amejibanza nyuma ya kichuguu. Akasikia nyasi. Chakaa... chakaa... Akachungulia. Lo! Paka-mwitu! Tumbo chini, macho kwa mama yake, naye mama anaparura mchanga hana habari. Mlinzi huko juu amesinzia!

Moyo wa Zuena: du! du! du! Aite? Watamcheka. Na mdomo ukipinda tena je? Chakaa... Paka akajikunja aruke. Zuena akapanda kichuguu, machozi yanamtoka. Akafumba macho.

"Ke... ke... KEKEKEEE!"

Ilikwaruza. Ilitoka vibaya. Lakini ilitoka! Puruuu! Kanga wote wakaruka mtini. Paka-mwitu akabaki na unyoya mmoja wa mkia wa mama mtu.

Juu ya mti hakuna aliyecheka. Kaka yake akauliza kwa sauti ndogo, "Kesho zamu ya nani?"

Mama akafungua mdomo aseme, "Mwacheni." Akautazama mkia wake. Akaufunga mdomo.

"Yangu," akasema Zuena.

"Haya, Zuena," akajibu kaka yake.

Basi, wanangu, na ninyi wazazi mnaojifanya mmelala: mtoto akishatibiwa, msimwite kwa ugonjwa wake, wala msimnyime zamu yake. Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya kichuguu, Zuena akilinda.