Bi Ndovu na Barabara ya Nchi Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Wale wa nyuma mmeitikia puani. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa masikio yenu ni yangu. Wakubwa sogeeni, wadogo kaeni mbele, anayetafuna atafune polepole.

Hapo zamani, zamani za kale sana, wanyama walikuwa na nchi tatu zilizopakana. Juu ilikuwa Milimani, nchi ya kima. Katikati ilikuwa Uwandani, nchi ya pundamilia na nyumbu. Chini ilikuwa Ziwani, nchi ya viboko.

Milimani kulikuwa na matunda. Yaliiva, yakaanguka, pu, pu, pu, yakaoza. Kima walikula wakashiba, lakini chumvi hawakuwa nayo. Watoto wao walilamba mawe, walilamba udongo, na bado walikonda. Ziwani chumvi ilitanda ufukweni, nyeupe kama unga uliomwagika. Viboko waliikanyaga tu. Tunda walilijua kwa kusikia. Na Uwandani? Uwandani kulikuwa na migongo yenye nguvu na miguu myepesi, lakini kiangazi kikiingia majani yalikauka, na njaa ikaingia nyuma yake.

Kila nchi ilikuwa na vijia vyake. Vijia vya kima viliishia mpakani mwa kima. Vya pundamilia viliishia mpakani mwa pundamilia. Vya viboko viliishia matopeni. Havikukutana hata kimoja.

Sasa alikuwepo Bi Ndovu. Huyu alizipita nchi zote tatu akitafuta malisho. Siku moja alimwona kima mdogo akilamba jiwe mpaka ulimi ukachubuka. Akateremka, akaenda, akaenda, akafika Ziwani. Akajikuta amesimama juu ya chumvi. Moyo ukamuuma.

Akawaita wanyama wa nchi zote. Akawaambia, "Chakula kipo. Chumvi ipo. Nguvu ipo. Kinachokosekana ni barabara. Tutengeneze moja, kutoka Milimani mpaka Ziwani."

Ngiri akasimama, mkia juu. Ngiri mnamjua, yeye na mbio, mbio na yeye.

"Umesema vema, Bi Ndovu," akasema Ngiri. "Tuanze kesho."

"Kesho hapana. Kwanza niipite nchi yote wakati wa masika, nione maji yanasimama wapi. Kisha niipite wakati wa kiangazi, nione maji yanabaki wapi. Kisha niwaulize wenyeji. Ndipo tuanze."

"Na itakwisha lini?"

Bi Ndovu alikuwa mjamzito. Akajitazama tumboni, akasema, "Huyu akizaliwa ataikuta ndiyo kwanza inaanza. Akiota pembe, tutakuwa tunamalizia."

Wanyama wakacheka. Walicheka wale wa milimani, wakacheka wale wa ziwani.

"Mimi ninayo njia fupi," akasema Ngiri. "Tunapasua bwawa la matete katikati. Mvua ikija, sisi tumeshafika."

Wakamfuata Ngiri. Nani asingemfuata? Watoto walikuwa wanakonda.

Bi Ndovu akaenda peke yake, tifu, tifu, tifu. Akifika mahali huweka mguu, husubiri, husikiliza ardhi. Pakiwa pakavu, huchomeka tawi. Akimkuta mwenyeji humwuliza, "Ndugu yangu, hapa maji hufika wapi?" Akiambiwa, hulichomoa tawi, akalichomeka juu zaidi.

Huku Ngiri na wenzake walikata matete, kacha, kacha, kacha. Kiangazi hakijaisha, njia ikafunguka. Chumvi ikapanda, matunda yakashuka. Kima wadogo wakalamba chumvi wakacheza. Kukawa na ngoma. Ngiri akabebwa juu juu. Nami nawaambia kweli, furaha ile haikuwa ya uongo.

Kisha masika yakaja.

Dada wawili, pundamilia, walikuwa njiani na mizigo ya chumvi. Mvua ikamwagika, shaa. Maji yakapanda magotini. Yakapanda tumboni. Matope yakashika kwato, didi, didi, didi. Wakalia.

Bi Ndovu alikuwa kando ya bwawa na matawi yake. Akasikia. Akaingia majini, akanyoosha mkonga, akamshika yule mkubwa shingoni, akavuta, akavuta, akamtoa. Akageuka amchukue mdogo. Mdogo hakuwepo. Maji yalikuwa yametulia, na matete yamefunga juu yake.

Ngoma zikanyamaza nchi zote tatu.

Ngiri akaenda akakaa ukingoni. Hakula. Hakunywa. Mkia umelala chini. Waliombeba juu sasa walipita mbali naye. Bi Ndovu akamfuata, akasimama kando yake.

"Umekuja kuniambia ulinionya," akasema Ngiri.

"Sikukuonya. Siku ile ya mkutano nilikuwa sijalipima bwawa bado, nilikuwa sijui lina kina gani. Nimekuja kukuita kazini."

"Mimi? Jamaa za marehemu wakiniona itakuwaje?"

"Utawaendea kwanza, utawapa pole kwa kinywa chako. Watakalokuambia ulipokee. Kisha uje. Meno yako yanachimba mifereji vizuri kuliko yangu. Na haraka yako naihitaji, Ngiri. Mimi nikiachwa peke yangu naweza kuzunguka mpaka nikasahau kuanza."

Ngiri akaenda. Waliyomwambia jamaa za marehemu hakuyasimulia kwa mtu. Alirudi macho mekundu, akauliza, "Nichimbe wapi?"

Kazi ikaanza. Barabara haikupita bwawani. Ilifuata mgongo wa nchi, ikalizunguka bwawa lote, mbali, ardhi isikojua mafuriko. Na kila upande Ngiri alichimba mfereji wa kuondoa maji. Yule pundamilia aliyeokolewa naye alikuja, akasomba mawe. Siku za mwanzo hakumsemesha Ngiri. Alimletea mawe, akageuka.

Wakafika Milimani. Bi Kima, mkubwa wa kima wote, akateremka mtini, mtoto wake amemng'ang'ania kifuani.

"Simama hapo hapo," akasema. "Barabara yako inakula mikuyu yetu. Na upana wote huu wa nini? Sisi ni wembamba."

Bi Ndovu angeweza kusukuma. Mwili ule nani angeuzuia? Hakusukuma. Alikaa chini.

"Nionyeshe mikuyu isiyoguswa."

Wakatembea wote wawili, mti kwa mti, Bi Kima juu, Bi Ndovu chini. Bi Ndovu akachomoa matawi yake, akayachomeka kwingine. Barabara ikapinda, ikaipisha mikuyu.

"Na upana?" akauliza Bi Kima.

"Upana, dada yangu, siwezi kupunguza. Watakaopita ni wengi kuliko sisi."

"Ni nani hao?"

"Siwajui. Hawajazaliwa."

Bi Kima akamtazama mtoto wake, akamtazama tena. "Basi pitisha," akasema. Na jioni ile akawaleta kima wake, wenye mikono myepesi ya kupanga mawe.

Wakafanya kazi na wimbo wao. Itikieni:

*Fyeka, fukia, kanyaga,*
*Leo kwetu, kesho kwao.*
*Fyeka, fukia, kanyaga,*
*Leo kwetu, kesho kwao.*

Masika yalibomoa kipande, wakakijenga upya. Wengine walichoka wakaenda zao, wakarudi kwa aibu, wakapokewa. Mtoto wa Bi Ndovu alizaliwa, akasimama, akamfuata mama yake barabarani. Pembe zake zilipochomoza, viboko waliweka jiwe la mwisho Ziwani.

Basi nchi zile zikabadilika. Chumvi ilipanda hata kwenye mvua. Matunda yalishuka yakiwa bado yananukia. Pundamilia wakawa wachukuzi, wakala kwa jasho lao, na kiangazi hakikuwatisha tena. Katikati ya Uwanda, pale wapandao walipokutana na washukao, pakazuka soko. Ndege wakaja na mbegu. Nyuki wakaleta asali. Mahali palipokuwa vumbi pakaitwa Makutano, na watoto wakazaliwa hapo wakapaita kwetu.

Ukaja mwaka wa ukame. Uwanda ulipasuka. Nyumbu wote, wa hapo na wa nchi za mbali ambao hakuna aliyewajua, wakaishika barabara kwenda Milimani. Walipita kama mto uliofurika. Wakubwa walipita, wagonjwa walipita, ndama walipita kandokando ya mama zao, na hakuna aliyekanyagwa. Bi Kima, mzee sasa, alikaa juu ya mkuyu akiwatazama.

"Kumbe ndio hawa," akasema. Akaanza kuwaangushia makuyu.

Miaka ikaenda. Bi Ndovu akazeeka, hatua zikawa fupi. Asubuhi moja alikuwa akitembea barabarani na Ngiri, naye mvi tupu. Nyuma yao ukaja mshindo wa kwato za haraka, kwatu, kwatu, kwatu. Pundamilia kijana, mwenye mzigo wa chumvi, ana wateja wanaomngoja.

"Shikamoo bibi, shikamoo babu. Naomba mnipishe kidogo, mmeshika njia."

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Ndovu. Akasogea kando.

Ngiri akamwuliza yule kijana, "Wajua barabara hii aliitengeneza nani?"

Pundamilia akashangaa. "Itengenezwe na nani, babu? Si ipo tu. Imekuwepo siku zote, kama mlima."

Akapita, kwatu, kwatu, kwatu.

Ngiri akafungua kinywa amwite arudi aelezwe. Bi Ndovu akamwekea mkonga begani.

"Mwache," akasema. "Anawahi soko."

Akasimama kumtazama yule kijana mpaka alipopotea kwenye kona. Ngiri anasema hakuwahi kumwona Bi Ndovu na furaha kama ya siku ile.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya. Anayejenga kwa ajili ya nchi asipime kwa mguu wake mwenyewe, apime kwa miguu ya wasiozaliwa. Achunguze kwanza, awaulize wenyeji, asimtupe aliyekosea. Na kazi ikiwa njema kweli, jina lake likisahauliwa, hajapoteza kitu.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeutua mzigo. Mwenye mgongo na aichukue, aifikishe nchi nyingine.